Kununua Boti Moja Hakutufanyi Sawa

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane baadaye: mimi napenda sheria. Nikisikia msee kwenye mashindano ya boti za rimoti akisema "kila mtu alete chake, mwenye mbio ashinde," najua tu mfuko wake uko fiti. Ukitoa mipaka yote, kinachobaki ni kuangalia nani ana ndugu ughaibuni.

Lakini kuna sheria, halafu kuna sheria. Na hiyo ndiyo vita yetu saa hii.

Kikundi chetu hapa Mombasa ni watu sita. Jumapili maji yakijaa tunashuka Tudor na boti zetu ndogo za tanga, tunafunga chupa za plastiki ziwe maboya, tunashindana mpaka betri ziishe. Miezi miwili iliyopita mwenzetu mmoja aliletewa boti na kaka yake kutoka Doha. Ni DragonForce 65, mpya, ndani ya boksi. Tangu ije, yeye ndiye wa kwanza kila wiki. Inaenda joshi kama imechorewa mstari, na sisi wengine tunaelea kando kama ndara zilizopotea.

Huyu jamaa si mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliona mchezo umekosa ladha, akatoa wazo: "Basi sote tununue kama hii, tuwe sawa." Wanne wakatikisa kichwa. Jumapili hii tunapiga kura.

Kwa wale wageni, klasi ni kundi la boti zinazoruhusiwa kushindana pamoja. Boti za mota hugawanywa kwa ukubwa wa injini au nguvu ya betri. Zetu zinasukumwa na upepo. Betri kazi yake ni kuzungusha usukani na kuvuta kamba ya tanga, basi. Kwa hivyo klasi za tanga huangalia urefu, ukubwa wa tanga, uzito, na boti imetengenezwa kwa kitu gani.

Wazo la "sote tununue moja" si jipya. Ndiyo sheria ya klasi ya DragonForce 65 yenyewe: boti ina sentimita 65, inatengenezwa na Joysway ya China, na bodi, mkuku na usukani lazima viwe vya kiwanda. Huko Uingereza imependwa sana, na naelewa kwa nini. Mtu anaagiza, anaunganisha, wikendi yuko majini. Anayeshinda ni anayesoma upepo vizuri.

Sasa ilete hiyo sheria hapa. Weka bei ya boti, weka nauli ya mzigo, weka ushuru, halafu subiri. Usukani ukivunjika, subiri tena. Kwa mtu wa huko, hiyo boti ni mlango wa bei rahisi. Kwetu mlango ni uleule, ila umewekwa kiingilio.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kati yetu sita, fundi mkali kabisa ni jamaa ambaye babake hutengeneza mashua. Boti yake aliijenga kwa mabaki ya plaiwudi. Mlingoti ni bomba la alumini la antena ya zamani ya TV. Tanga ni kitambaa cha mwavuli. Farumi, ule uzito wa chini unaozuia boti isipinduke, ni chubwi za uvuvi alizoyeyusha. Alifanyia nje, mbali na jikoni kwa mamake, juu moshi wa risasi ni sumu. Kura ikipita, hiyo boti haitaruhusiwa. Haijamzidi mtu mbio. Kosa lake ni kwamba haikuzaliwa kiwandani. Na yeye hana pesa ya kuagiza nyingine. Kwa hivyo tunaposema "tuwe sawa," kumbe tunamwambia mjenzi wetu bora abaki nyumbani.

Najua utaniambia: basi tuache wazi, kila mtu ajenge. Pole pole. Hiyo nayo ina historia. Miaka ya 1930 watu wa Marblehead, kule Massachusetts, Marekani, walianzisha klasi yenye mipaka michache sana, mikubwa ikiwa miwili: urefu inchi 50, tanga inchi za mraba 800. Safi, rahisi, mtu yeyote na msumeno wake angeweza. Lakini sheria ilikuwa imefunga urefu na tanga, ikaacha vifaa huru, na pesa ikapitia hapo. Leo boti za juu za klasi hiyo ni kaboni kutoka bodi mpaka mlingoti. Urefu ni uleule, bei si ileile.

Waliokuja kuandika klasi ya One Metre mwaka 1988 ni kama walikuwa wamesoma hilo somo. Urefu mwisho milimita 1,000. Uzito usipungue kilo 4. Mkuku pamoja na farumi uwe kati ya gramu 2,200 na 2,500. Bodi isiwe ya kaboni. Mlingoti uwe wa alumini au mbao. Ndani ya hapo, jenga unavyotaka.

Ona akili iliyomo. Ukilipa pesa nyingi upate bodi nyepesi kupita kiasi, boti nzima bado lazima ifike kilo 4. Na ule uzito uliookoa huwezi kuuficha wote kwenye farumi, juu farumi nayo imewekewa kikomo. Kwa hivyo hakuna haja ya kuvunja benki. Hiyo ndiyo sheria ninayoipenda: haikukatazi kuwa na pesa, inafanya pesa isikusaidie sana.

Sasa, wazo langu la Jumapili. Tusichukue One Metre, ni kubwa kwa mifuko yetu na kwa maji yetu. Kuna klasi inaitwa RG65, ambayo imependwa sana Argentina na Brazil. Urefu usizidi milimita 650, tanga lisizidi sentimita za mraba 2,250. Boti ya Doha ina urefu huohuo, kwa hivyo inaingia. Ya plaiwudi inaingia. Hakuna anayefukuzwa. Shida ni kwamba RG65 haibani uzito wala vifaa, kwa hivyo tuongeze viwili vyetu: bodi isiwe ya kaboni, na hakuna boti inayopungua uzito wa ile ya Doha. Tunaipima kwa mizani ya duka, tunaandika namba, kazi kwisha.

Jamaa mmoja ameniuliza, na ni swali la maana: nani atahakikisha watu hawaibi? Kiwanda huwezi kukibishia, lakini boti ya nyumbani kila mtu ana hesabu yake. Jibu nimelichukua kwa klasi nyingine ndogo, Footy, ambako bodi ya boti hupimwa kwa kuiingiza ndani ya sanduku. Inaingia au haiingii. Tutatengeneza sanduku letu la mbao la milimita 650 na kulipeleka ufuoni kila Jumapili. Sanduku halina rafiki.

Mwingine amesema hivyo mtoto wa fundi ndiye atashinda kila wiki. Labda. Lakini akinishinda kwa mkuku alioupiga randa vizuri kuliko wangu, naeza kwenda kwake jioni nikamwomba anionyeshe, na wiki ijayo nikamkaribia. Ukinishinda kwa pesa, nikuombe unionyeshe nini?

Nimeongea na watatu. Mmoja yuko na mimi, mmoja anasema atafikiria, na mwenye boti ya Doha amesema kitu kimoja tu: anataka kujua kama atashinda bila kuambiwa ni boti. Nahesabu hiyo kama kura.