Usiku Ulio Sawa



Kila mwaka, kuelekea tarehe 20 ya mwezi wa tatu, kalenda zilizochapwa kwa Kifaransa hututangazia kuanza kwa printemps, yaani majira ya kuchipua. Katika miaka yangu ya kuwafunda walimu, mara nyingi nimeona sentensi hiyo ikinakiliwa daftarini kama ilivyo, huku mvua ikipiga juu ya mabati. Mwalimu huyo kesho ataipeleka darasani, na mtoto atajifunza kwamba yaliyo kitabuni ni kweli kuliko anayoyaona kwa macho yake.

Hebu tulisikilize jina lenyewe. Équinoxe limetoka katika Kilatini: aequus ni sawa, nox ni usiku. Jina lasema tu kwamba usiku umelingana na mchana. Halitaji maua wala baridi. Siku hiyo jua husimama juu ya ikweta, na ikweta hupita katika nchi yetu, karibu na Mbandaka, karibu na Butembo. Huko, jua likiwa utosini, fimbo iliyosimikwa wima karibu haina kivuli. Wakati huohuo Ulaya inatoka katika baridi, nako Lubumbashi mvua zinaelekea kukoma. Majira ya kuchipua ni ya watu wa kaskazini. Usiku ulio sawa ni wa watu wote.

Jambo hili linagusa pia sikukuu yetu kubwa. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni tunayoifuata ni hii: Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Lakini kalenda ya Julius Caesar ilizidisha mwaka kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni nini? Hakuna aliyezihisi. Hata hivyo, baada ya karne nyingi, usiku ulio sawa ulikuwa umerudi nyuma hadi karibu tarehe 11 Machi. Ndipo Papa Gregori XIII, mwaka 1582, alipoziondoa siku kumi: baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuata Ijumaa tarehe 15.

Kanisa halikuliamuru jua lifuate kalenda. Lilisahihisha kalenda ili ifuate jua. Nanyi vijana, msiogope kulipima neno mlilopokea kwa ukweli ulio mbele yenu, hata likiwa limechapwa vizuri. Kosa dogo lisiposahihishwa haliishi lenyewe, hujilimbikiza kimyakimya.

Mwezi wa tatu ukifika, simikeni fimbo uwanjani pa parokia, mpime kivuli chake adhuhuri, kisha mwandike mlichokiona.