Namba Iliyoteremka Taratibu

Sisi tuliokulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, hatukujua meno yetu yana kasoro mpaka tulipokwenda sekondari mikoa mingine. Huko tuliulizwa tulianza lini kuvuta sigara. Nyumbani karibu kila mtu alikuwa na meno ya kahawia, na baadhi yetu matege. Bibi alisema ni mambo ya ukoo. Maji tulichemsha kwa bidii, kama tulivyoagizwa na zahanati. Kumbe moto huua vijidudu tu. Madini ya floraidi, yaliyotuharibu meno na miguu, hubaki, tena maji yakipungua sufuriani, makali yake huzidi. Na makande tulilainisha kwa magadi, yenye floraidi hiyo hiyo!

Miaka ya 1980 nikawa fundi sanifu wa maji, ndipo nikaviona viwango vya muda vya maji ya Tanzania vya mwaka 1974: floraidi isizidi miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri 1.5. Nilimwuliza mkubwa wangu wa kazi inakuwaje. "Tukiandika moja na nusu," akasema, "kesho tufunge visima. Watu wako wanywe nini?" Jibu lile limenikera maisha yangu yote, na sijapata la kulishinda. Viwango vikaitwa vya muda, muda wenyewe ukavuka miaka ishirini.

Pale jirani, Ngurdoto, serikali ina kituo kinachochoma mifupa ya ng'ombe kupata mkaa wa kuchujia floraidi. Mkaa unafanya kazi vizuri, ila huchoka, na ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha kukuonya. Ndoo nyingi za kuchujia nilizikuta majumbani zikitumika kuhifadhia maharage.

Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji aliyeanza kazi mwaka 2006, akawa anazibana mamlaka za maji za mijini kuhusu ubora wa maji, na Arusha ikapata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, visima virefu vikachimbwa hadi upande wa wilaya ya Hai. Wajukuu zangu wa mjini wana meno meupe.

Vijijini, ambako RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilikabidhiwa kazi mwaka 2019, hesabu ni ngumu zaidi. Kisima cha jirani wa binamu yangu kilipimwa, kikazidi kiwango. Majirani wakakubaliana kiwe cha kufulia na kunyweshea ng'ombe. Ya kunywa huletwa na bodaboda kwa madumu. Siku bodaboda asipotokea, wanachota palepale.