Kapteni Aliyekosea Namba Moja

Jina lake libaki kapuni. Mjini Unguja wanamjua: miwani myeusi, shati jeupe lenye mistari minne mabegani, picha za Instagram zenye mawingu nyuma. Akikatiza Darajani, watoto wanamwita "Kapteni!" Mama yake ndo usiseme, kila mgeni akifika nyumbani lazima aoneshwe picha.

Halafu ghafla, kimya. Wiki mbili hakuna picha, hakuna hata stori. Mji ukaanza kazi yake. Jaws Corner, kwenye kahawa, wengine walisema kafukuzwa, wengine wakasema kaachwa. Wote walikosa.

Asubuhi moja ya masika alikuwa anatoka Pemba kuja Unguja, safari ya nusu saa tu, mvua imefunga kila mahali. Mnara ukampa presha ya hewa: 1011. Mdomo ukaitikia sawasawa, mkono ukaweka 1021. Kwenye altimita, ile saa inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani, hilo si kosa dogo. Kila namba moja ni karibu futi 30. Yaani ndege ilikuwa chini kwa karibu futi 300 kuliko saa ilivyosema, na nje haoni kitu.

Aliyemwokoa ni rubani msaidizi, binti mdogo, mwezi wa tatu tu kazini.

"Samahani Kapteni, saa yangu na yako hazisemi kitu kimoja."

Akatazama. Akarekebisha. Wakatua salama, abiria wakashuka mbio wakikimbia mvua, hakuna aliyejua.

Mtihani ukaanza hapo. Mnara ulisikia jibu sahihi. Binti naye alishasema, "Mimi sitasema kitu." Kosa lile lingefutika kama picha mbaya kwenye simu.

Ila kuna mambo aliyoyasoma chuoni hayakumtoka. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ikielekea Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaweka hiyo. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari! Walipoiona ardhi wakapandisha ndege haraka, zikiwa zimebaki kama futi 70 tu. Mei 2007 kule Douala, Cameroon, bahati hiyo haikuwepo. Ndege ya Kenya Airways ilipaa usiku, rubani akiamini otopailoti inafanya kazi, kumbe haijashika. Watu wote 114 walikufa.

Usiku ule kapteni wetu akaandika ripoti mwenyewe, kosa lote, bila kuzunguka. Akarudishwa mafunzoni kwanza. Ndo maana picha zilikoma.

Umbea ukamfikia mama.

"Mwanangu, kweli wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nilikosea nambari, nikasema mwenyewe."

Mama akanyamaza, akamsogezea chai.

"Na huyo mtoto wa watu aliyeliona kosa, umemshukuru?"

Kapteni akabaki kimya. Ripoti aliandika, kwa wakubwa alijieleza, lakini binti yule hakuwahi kumwambia hata asante. Aliona aibu.

Chai ikapoa. Akachukua simu, akatoka barazani, akampigia.