Tundu la Sauti, Tundu la Uhai

Ukitaka kujua simu imeishije, chungulia matundu yake. La hedifoni mara nyingi utalikuta na vumbi tu. La chaji ndilo lenye makovu: limelegea, waya haushiki mpaka uupinde kidogo, uuwekee kitabu juu, halafu usiguse tena.

Sababu moja ni umbo. Pini ya hedifoni ni ya mviringo. Unaichomeka vyovyote, hata gizani, na ukijigeuza kitandani yenyewe inazunguka. Babu yake ni ile pini nene ya swichibodi za simu za karne ya 19, ambayo wahudumu waliichomeka na kuichomoa kutwa nzima ili watu wazungumze. Mjukuu wa milimita 3.5 alikuja na redio ndogo, kisha Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikamtembeza mitaani.

USB-C ni maskini wa mwili. Katikati ana kiulimi chembamba chenye miguso 12 kila upande. Kimaandishi anatakiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Ukichaji mara mbili kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Ila hesabu hiyo haina vumbi la mfukoni, wala jasho, wala mtoto anayekanyaga waya akipita.

Tuwe wakweli, tundu la hedifoni nalo huchoka. Vibano vya ndani vinalegea, sikio moja linakuwa kimya. Lakini likifa, simu bado inawaka. La chaji likifa, limekufa na vyote.

Nalijua hilo kwa sababu ya Bibi. Hadithi zake nilizirekodi kwenye simu yangu ya zamani, na alipofariki zilikuwa humo tu. Sistimu chaji ikagoma. Nikaipeleka Kariakoo. Fundi akaifungua, akacheka: "Dada, hizi sistimu chaji ndiyo ugali wetu. Hili la hedifoni mbona jipya kabisa?" Akabandua tundu bovu, akachomelea jingine kwa risasi. Simu ilipowaka nikachomeka hedifoni. Kikohozi kwanza, kisha: "Paukwa!" Nikajibu "Pakawa" palepale mbele ya wateja.

Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zikafuata. Sasa kwenye simu nyingi sauti na umeme vinapita mlango mmoja, tena ule dhaifu. Sisi tunaosikiliza vitabu usiku tunauchosha mara mbili. Wataniambia nivae hedifoni zisizo na waya. Sawa, nazo zinachajiwa wapi?

Rekodi za Bibi nimeshazinakili sehemu tatu. Na dukani bado naulizia simu yenye matundu mawili. Muuzaji ananitazama kama mshamba. Poa tu.