Fundi Aliyeiheshimu Nuru

Tutokapo katika sinema, njiani twazungumza juu ya nani? Twamtaja mchezaji aliyetuchekesha, au yule mama aliyetuliza. Wenye elimu zaidi humtaja mwongozaji wa filamu. Lakini ni nani kati yetu amtajaye mtu aliyesimama nyuma ya kamera, yule aliyeamua kwamba uso huu utiwe mwanga na ule uachwe gizani? Jina lake hupita upesi katika maandishi ya mwisho, wakati watu wamekwisha kusimama na kutafuta viatu vya watoto wao. Walakini bila yeye tusingaliona kitu.

Leo nataka kuwaelezeni habari za mmoja wa mafundi hao. Jina lake ni Sven Nykvist, mtu wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2006. Wanaoijua kazi hiyo humhesabu kati ya walio hodari kupita wote. Nami namsifu kwa sababu moja hasa: alikuwa na uwezo wa kufanya mengi, akachagua kufanya machache.

Sisi watu wa Kongo tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waprotestanti, nao walitumia sehemu kubwa ya maisha yao katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mtoto wao alibaki Uswidi, akalelewa na jamaa, akawaona baba na mama yake mara chache tu. Baba yake alipenda kupiga picha, hasa za wanyama wa nchi hii. Nadhani mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba picha si mchezo. Picha yaweza kushika nafasi ya mtu asiyekuwapo.

Alipokuwa kijana alipenda michezo ya kuruka. Filamu yake ya kwanza alijipiga mwenyewe akiruka juu, apate kuona jinsi ya kuruka vizuri zaidi. Tazameni jambo hilo: tangu mwanzo kamera ilikuwa kwake chombo cha kuutafuta ukweli, wala si cha kujipamba. Alisoma mwaka mmoja katika shule ya wapiga picha mjini Stockholm, akaingia kazi ya sinema akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1943 alikwenda Italia, akafanya kazi katika studio za Cinecittà mjini Roma. Mwaka 1945, akiwa amekwisha kurudi kwao, alipiga filamu yake ya kwanza akiwa fundi mkuu.

Miaka michache baada ya vita alikuja Afrika kukaa na wazazi wake, akapiga picha za wanyama na za nchi. Ikatoka filamu ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Katika Nyayo za Mganga”. Jina lenyewe laonyesha macho ya Wazungu wa wakati ule: walitaka kuona mambo ya kustaajabisha. Sisi tumepigwa picha nyingi za namna hiyo, za ngoma na ngozi za chui, na mara chache mno picha ya mtu aliyekaa kimya akiwaza. Ndiyo maana nafurahi kuona kwamba fundi huyu, alipokomaa katika kazi yake, aliyaacha mambo ya kustaajabisha akautafuta uso wa mtu.

Aliyemsaidia kuutafuta ni mwongozaji Ingmar Bergman, ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Walikutana katika filamu ya mwaka 1953, ambamo Nykvist alikuwa mmoja wa wapiga picha watatu. Tangu mwaka 1960 akawa mwenzi wake wa kazi wa kudumu. Kabla yake, Bergman alifanya kazi na Gunnar Fischer, fundi mwingine mkubwa, aliyependa weusi mzito kando ya weupe mkali, kama tuonavyo katika filamu ya mwaka 1957 juu ya askari anayecheza sataranji na Mauti. Picha za Fischer ni nzuri sana, na mtu huzikumbuka kama akumbukavyo michoro iliyochongwa katika mti. Nykvist alifuata njia nyingine. Alitaka mwanga ambao mtazamaji hatauona kuwa ni kazi ya mtu.

Labda mtauliza: mwanga wa namna gani huo? Nitawaeleza kwa mfano wa filamu moja ya mwaka 1963, ambayo kwa Kifaransa huitwa Les Communiants, yaani Wenye Kukomunika. Mimi niliiona miaka mingi iliyopita katika ukumbi wa parokia, padri mmoja akituonyesha kwa projekta, na maneno ya Kifaransa yakiandikwa chini ya picha. Ni habari ya mchungaji mmoja katika kijiji cha baridi kali, siku ya Dominika, kwa muda wa saa chache tu. Watu wachache wamekuja kanisani. Mchungaji anashika mafua, tena imani yake imepoa. Mvuvi mmoja mwenye hofu kubwa amwendea kutafuta neno la kumponya, wala halipati, na siku ile ile ajiua.

Kabla ya kuanza filamu hiyo, Bergman na Nykvist walikwenda kukaa ndani ya makanisa ya vijijini. Walikaa wakatazama jinsi mwanga wa majira ya baridi unavyoingia madirishani, jinsi unavyosogea ukutani na jinsi unavyofifia. Na Nykvist akawa akipiga picha kila baada ya dakika chache. Wakaona kwamba, siku ya mawingu, ndani ya kanisa hamna vivuli vikali. Basi wakakubaliana kwamba katika filamu yao nayo visiwepo.

Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda ni kazi. Kanisa la ndani lilijengwa studioni, na katika studio ni desturi kuning'iniza taa juu, mahali pasipo na dari. Nykvist akaomba dari ijengwe, asije yeye mwenyewe akashawishika kuweka taa huko. Kisha, badala ya kuelekeza taa usoni mwa watu, alizielekeza kwenye vitu vyeupe, mwanga ukapiga pale na kurudi kwa upole juu ya nyuso. Ndiyo kusema alijifungia njia iliyo rahisi, ili alazimike kupita ile iliyo ya kweli. Sijapata kusikia mfano mzuri kuliko huo wa fundi anayejitawala.

Katika filamu hiyo mna mahali ambapo mchungaji amebaki peke yake, naye alalamika kwamba Mungu amemwacha. Wakati huo huo mwanga wa dirisha lililo nyuma yake wazidi kung'aa. Hakuna muziki, wala hakuna anayetueleza maana yake. Je, ni jua tu lililotoka mawinguni? Je, ni jibu ambalo mtu mwenyewe halioni kwa kuwa amelipa kisogo? Kila mtazamaji ajijibu moyoni mwake. Mpiga picha mwingine angalitumia miale mikubwa ya dhahabu, na swali lingalikufa papo hapo. Nykvist alitupa mwanga kidogo, nasi twaendelea kuuliza mpaka leo.

Mna pia mahali ambapo mwalimu wa kike, ampendaye mchungaji huyo bila kupendwa, asoma barua yake. Hatumwoni akiandika. Tunauona uso wake, umetuelekea, kwa dakika nyingi, na kamera haisogei. Mwanzoni mtu hutaka kugeuza macho, kwa kuwa hatukuzoea kutazamwa hivyo. Kisha husahau kabisa kwamba anaangalia filamu.

Mimi ni mwalimu wa shule, na siku za mapumziko hupiga picha za ndoa na za komunyo ya kwanza hapa Bukavu. Mwaka ule mama yangu alipokuwa mgonjwa wa mwisho, ndugu zangu waliniomba nimpige picha. Walikuwa wamekwisha kumvika kitenge kipya na kuwasha taa zote za chumba. Kaka yangu mkubwa akasema: “Mdogo wangu, tumia flashi, Mama aonekane vizuri.” Nikamjibu: “Kaka, nakuomba tungoje kidogo.” Nikazima taa, nikafungua dirisha la upande wa ziwa, nikakaa. Ilikuwa siku ya mvua, na mwanga uliingia polepole. Mama akaniuliza: “Mwanangu, wangoja nini?” Nikasema: “Nangoja mwanga, Mama.” Akatabasamu, akasema: “Hata mimi.”

Nilipiga picha moja tu. Nusu ya uso wake imo katika mwanga, na mkono wake umelala juu ya blanketi. Kaka yangu, aliyeitaka flashi, ndiye aliyeichukua akaitundika nyumbani kwake. Naandika haya si kwa kujisifu, maana niliyoyafanya nilijifunza kwa mwingine. Nayaandika mpate kujua kwamba ufundi wa mtu wa mbali, ambaye hamtaonana naye kamwe, waweza kuingia katika chumba cha mgonjwa wenu na kuwasaidia kumtazama kwa heshima.

Nykvist mwenyewe aliujua uzito wa kazi hiyo. Alipiga filamu ya Bergman ya mwaka 1972, iitwayo kwa Kifaransa Cris et chuchotements, yaani Vilio na Minong'ono. Mwanamke mmoja anakufa katika nyumba kubwa. Dada zake wawili wako karibu lakini wanaogopa kumgusa. Anayethubutu ni mtumishi wao Anna, naye amlaza mgonjwa kifuani pake, kama Bikira Maria alivyompakata Mwanae katika sanamu tuzijuazo. Kuta za nyumba hiyo ni nyekundu kabisa. Rangi kali namna hiyo ingeweza kuumeza uso wa mtu; lakini Nykvist alitegemea sana mwanga wa madirisha makubwa, na nyuso zikabaki na uhai wake, kila moja na uchovu wake na hofu yake. Kwa filamu hiyo alipewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Akapewa tena nyingine kwa filamu ya Fanny na Alexander ya mwaka 1982.

Wako vijana wasemao: “Mwalimu, filamu hizi ni za polepole, hazina mambo.” Siwalaumu, maana macho yamezoeshwa vingine. Lakini nawauliza: mkimsikiliza mzee mwenye hekima, je, hupiga kelele? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha inayotuvuta kwa nguvu, kwa rangi za kupofusha na kamera isiyotulia, mara nyingi yajitembeza kwa kuwa haina cha kuuza. Ikumbukwe pia kwamba kujizuia si uvivu, wala si umaskini wa mawazo. Anayejizuia ni yule aliye na kitu cha kuzuia. Aliyekaa kanisani saa nyingi akitazama ukuta alifanya kazi zaidi kuliko yule anayewasha taa ishirini kwa dakika moja.

Tena kazi hiyo yadai moyo mgumu wakati wa shida. Mwaka 1985, katika kisiwa cha Gotland, Nykvist alikuwa akipiga filamu ya Sadaka ya mwongozaji Mrusi Andrei Tarkovsky. Karibu na mwisho wake nyumba nzima yapaswa kuteketea kwa moto, na yote yaonekane katika picha moja ndefu isiyokatwa. Moto ukawashwa, nyumba ikawaka, na kamera ikakwama. Nyumba ikaisha, picha haikupatikana. Wengine wangalibadili hadithi. Wao waliijenga nyumba upya upesi, wakaweka kamera mbili, wakaichoma mara ya pili. Leo mtu akiitazama picha hiyo haoni hata alama moja ya msiba ule. Aona mtu na nyumba yake na moto, chini ya mbingu iliyo kimya. Mwaka 1986, kwenye tamasha la Cannes nchini Ufaransa, Nykvist alipewa zawadi kwa kazi hiyo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya majaribu. Mwaka 1997 alitoa kitabu cha maisha yake, ambacho jina lake ni Heshima kwa Nuru. Muda mfupi baadaye alishikwa na ugonjwa unaomnyima mtu maneno, naye akaiacha kazi. Mwanawe alitengeneza filamu juu yake, iliyotoka mwaka 2000, yenye jina lisemalo kwamba nuru humfanya asiwe peke yake. Mtoto aliyekua mbali na wazazi wake, na mzee aliyepungukiwa na maneno, wote wawili walikuwa na rafiki huyo mmoja.

Siku hizi karibu kila kijana ana simu yenye kamera, na katika msiba mmoja huweza kupigwa picha mia kabla jeneza halijafika kanisani. Wanafunzi wapenzi, sitawakataza. Nawaomba neno moja tu. Kabla ya kubonyeza, tazameni kwanza mwanga watoka wapi, na wamwangukia nani. Kisha mjiulize kama mtu huyo, akiiona picha yenu kesho, atajisikia kwamba mlimnyang'anya kitu au mlimpa. Mkikosa jibu, iacheni simu mfukoni, mkamtazame kwa macho yenu.