Land Rover ya zamani na nyaya zake: huku na Arusha

Fungua Land Rover Series IIA ya miaka ya 60 ambayo haijachezewa, na rangi za nyaya zitakusomea gari lote. Kahawia hutoka kwenye betri na huwa na umeme muda wote, bila fyuzi. Nyeupe hupata umeme ukiwasha ufunguo. Kijani ni uliokwisha kupita kwenye fyuzi, nyeusi ni erthi. Mpangilio huo ni wa Lucas, kampuni ya hapa Birmingham, na magari mengi ya Kiingereza ya zama zile yaliufuata.

Wazee wa huku wanaoshinda na magari haya wikiendi hawaungiungi. Ganda la waya likianza kukauka na kupasuka, wanaagiza fungu zima jipya, rangi zilezile, na kulifunga taratibu hata msimu mzima. Muda wanao. Gari lenyewe ni la kutembezea jua likiwaka.

Arusha gari hilohilo kesho lina mzigo wa Loliondo. Fundi anakata kipande kilichoungua, anaunga na waya alionao, mara nyingi mwekundu, anazungushia tepu, safari inaendelea. Baada ya miaka 30 ya hivyo, chini ya dashibodi pote ni pekundu. Kuunga sikulaumu. Linaloniudhi ni rangi, maana fundi ajaye hatajua waya upi una fyuzi na upi hauna. Tena wengine hutumia waya wa nyumba wenye shaba moja nene, ambayo hukatika kwa mtikisiko. Gari linataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba.

Kwenye kusaka hitilafu, hata hivyo, nawapa ushindi mafundi wetu wa Arusha. Mzee wa huku anachomeka mita, inasoma volti 12, anasema waya ni mzima. Fundi wa kwetu ana balbu yenye nyaya mbili. Balbu inavuta umeme kweli, kwa hiyo kiungo kilicholika kinaumbuka papo hapo: taa inafifia.

Na hao wazee wana ugonjwa wao, kuabudu kilichotoka kiwandani. Series IIA ilikuja na fyuzi mbili tu, taa kubwa zikiwa hazina hata moja. Leo mtu anafunga balbu mbili za wati 60, karibu ampea 10, na zote anazipitisha kwenye swichi ya zamani, eti asiharibu uasilia! Funga rilei. Ichukue umeme betrini, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa vijana wa pande zote mbili. Kwenye IIA za mwanzo, hadi 1967 hivi, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kabla ya kugusa chochote, toa kwanza kichwa cha betri kinachokwenda kwenye bodi, kiwe chanya au hasi. Soketi ya kuchajia simu, ambayo ganda lake la chuma ni hasi, ikigusa dashibodi ya gari hilo ni shoti moja kwa moja. Mimi ningeligeuza gari liwe la hasi: betri igeuzwe, nyaya za koili na za mita ya ampea zibadilishane nafasi, kisha dinamo ipolarishwe upya kabla ya kuwasha injini.