Kutoka Kurui Kwenda Kumtazama Chui

Kurui ni kata mojawapo ya wilaya ya Kisarawe, katika mkoa wa Pwani. Wenyeji wake wengi ni Wazaramo, na riziki yao hutoka katika ardhi: mihogo, mpunga wa mabondeni, korosho na minazi. Hapana lango la hifadhi hapa kwetu, wala nyumba za wageni watokao ng'ambo. Hata hivyo, mtu akisimama Kurui na kuuelekeza uso wake kusini, mbele yake, baada ya mashamba na misitu, iko nchi ambayo watu huvuka bahari kutoka Ulaya na Marekani ili waione kwa siku tatu tu. Nchi hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Yafaa tujue asili yake. Wajerumani walianza kuitenga sehemu ya nchi hiyo kwa ajili ya wanyama mwaka 1896. Waingereza wakaipanua mwaka 1922 na kuipa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho, Januari 1917. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Kisha mwaka 2019 serikali ilikata sehemu ya kaskazini, yenye kadiri ya kilomita za mraba 30,893, ikaifanya hifadhi ya taifa na kuiita kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Sehemu iliyobaki ni pori la akiba hata sasa. Tofauti yao ni hii: katika pori la akiba mtu mwenye kibali huweza kuwinda, katika hifadhi ya taifa hapana kuwinda, mgeni hutazama akaenda zake.

Ulinzi huo haukuja bure. Katika miaka ya 1970 tembo wa Selous walihesabiwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walionekana kiasi cha 13,000 tu. Wengine wote walikwisha, wengi wao kwa ajili ya pembe. Basi asiulize mtu kwa nini askari wa wanyama wamewekwa.

Njia za kwenda huko ni kadhaa. Wengi huingia kwa lango la Mtemere, upande wa Rufiji, karibu na kijiji cha Mloka. Wengine huingia kwa Matambwe, upande wa Kisaki. Nayo reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita katika wilaya yetu penye stesheni ya Mzenga, ikaendelea hata ikakata pembe ya kaskazini ya nchi hiyo ya wanyama. Tangu reli hiyo ilipoanza kazi, abiria wengi wamewaona twiga na tembo madirishani, bila ya kukusudia, kwa nauli ya kwenda kwao tu.

Vijana wetu wa chuo, kila tunapozungumza habari hizi, huuliza swali moja: "Maalimu, na chui milia tutamwona?" Picha yake wameiona vitabuni, na mistari yake imewapendeza. Jawabu ni kwamba hawatamwona, si Nyerere wala Serengeti, kwa sababu chui milia hakuwa kamwe mnyama wa mwitu wa Afrika. Makao yake ni Asia, na wengi wao wako Bara Hindi, ambako serikali ilianza mpango maalumu wa kumhifadhi mwaka 1973. Hesabu ya mwaka 2022 iliwapata huko wasiopungua 3,167. Wa kwetu ni chui wa madoa, na madoa yake ni kama vikuku, mengi yana uwazi katikati. Asichanganywe na duma, ambaye madoa yake ni meusi yaliyojaa, na usoni ana mstari mweusi ushukao kutoka jichoni hata mdomoni, mfano wa njia ya machozi.

Kumwona chui si jambo la fedha, ni jambo la subira. Mchana hulala juu ya tawi, na mara nyingi lionekanalo kwanza ni mkia unaoning'inia. Hutembea alfajiri, magharibi na usiku. Mlio wake ni kama msumeno ukatao ubao. Kiongozi mwema hatazami tu, bali husikiliza: tumbili wakipiga kelele juu ya miti, kanga wakilia kwa fujo, swala wakisimama wote wakielekea upande mmoja, basi hapo pana jambo. Mzee wa Kurui azijua ishara hizi bila ya darubini. Tofauti ni kwamba mgeni akizisikia hufurahi, na mzee akizisikia huwaita watoto waingie ndani.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wafikiri pamoja nasi. Wakati wa mavuno, idadi ya wanafunzi wetu hupungua, na wanaokuja husinzia juu ya misahafu. Si wavivu hao. Wamekesha shambani wakiamia mihogo na mpunga, kwa sababu ya nguruwe mwitu. Mnyama huyu sisi hatumli, wala ngozi yake hatuitumii; kwetu hana faida ila hasara. Nguruwe hufuata mhogo, mtu humfuata nguruwe, na simba huwafuata wote wawili.

Maneno haya si hadithi ya kutishia watoto. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja katika wilaya ya Rufiji aliua watu zaidi ya 30 kabla hajauawa, mwezi wa Aprili 2004. Alipokaguliwa alionekana ana jino bovu lenye jipu. Na wataalamu waliotoa uchunguzi wao mwaka 2005 walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 katika Tanzania, hasa kusini-mashariki. Kwamba wengi walipatwa wakati wa mavuno. Na kwamba nguruwe mwitu ndio waliowavuta simba mashambani, ambamo watu hulala katika vibanda visivyo na ukuta.

Serikali ina malipo iyaitayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa roho iliyopotea. Jina lake ni la kweli: hufuta chozi, hakirudishi mtu. Kwa hiyo kinga ni bora. Mashamba yapakane, ili watu kumi waamie pamoja. Dungu liinuliwe juu na kuzungushiwa miti imara. Handaki lichimbwe kumzuia nguruwe. Mtoto asipelekwe peke yake, wala asitembee giza likiingia.

Wala msiba huu si wetu peke yetu. Katika mikoko ya Sundarbans, kati ya Bara Hindi na Bangladesh, wavuvi na warina asali huuawa na chui milia, kama ambavyo wakulima wa Rufiji waliuawa na simba. Katika miaka ya 1980 baadhi yao walivaa vinyago visogoni, kwa kuwa chui hupenda kushambulia kwa nyuma. Huko nako wageni huja kwa mashua, wakatazama, wakarudi makwao.

Hatusemi watu wasiende kutazama. La, waende, na raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Baba mwenye uwezo awapeleke wanawe wakamwone tembo na kiboko wa Rufiji, wakae ndani ya gari, wasipige kelele, wasitupe takataka. Lakini awaambie pia kwamba nje ya mpaka ule wako watoto wa umri wao ambao usiku huo huo wako macho, na kwamba kila mnyama tunayejivunia kumhifadhi ana jirani anayemlipia kwa usingizi wake. Jirani huyo anastahiki kusikilizwa kabla ya msiba, si baada yake.